Riwaya za Stephen King: mjadala wa ubora

Stephen King (alizaliwa 1947, Portland, Maine) ni mwandishi wa Marekani wa riwaya za kutisha. Tangu kitabu chake cha kwanza, Carrie (1974), wasomaji wamekuwa wakibishana kuhusu kazi zake bora na zilizo dhaifu.

Wapenzi wa kazi za awali hutaja Salem's Lot (1975), The Shining (1977) na Pet Sematary (1983). Hii ya mwisho ndiyo kali kuliko zote. Kinachotisha humo hasa si wafu wanaofufuka, bali majonzi ya baba aliyefiwa na mwanawe mdogo akashindwa kumwacha kaburini. The Stand ilitoka 1978 ikiwa imepunguzwa, kisha 1990 ikarudishiwa mamia ya kurasa. Wengine huusifu upana wake, wengine huulaumu mwisho wake. Lawama hiyo ya miisho huifuata pia It (1986), yenye kurasa zaidi ya 1,000, ingawa urafiki wa utotoni umechorwa humo kwa ustadi mkubwa.

Kuhusu udhaifu, ubishi hupungua. The Tommyknockers (1987), iliyoandikwa King akiwa katika uraibu wa kokeini, imejaa maneno kuliko kisa. Mwaka 2014 mwenyewe alikiri kwamba ni kitabu kibaya. Dreamcatcher (2001) aliiandika kwa mkono akijiuguza baada ya kugongwa na gari mwaka 1999, nayo haipendi sana. Anayoipenda zaidi ni Lisey's Story (2006), hadithi ya mjane wa mwandishi. Mashabiki wanaotafuta vitisho vitupu huiona nzito, lakini inastahili kusomwa kwa subira.