Kiungo Bila Jina Si Rejea: Somo Kutoka Kataboi

Kijana wetu mmoja aliyepelekwa kufundisha Kataboi, kijiji cha ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana, alinipigia simu juzi akiwa amechoka. Anasoma diploma kwa intaneti. Katika somo la wiki ile mhadhiri aliandika "Soma zaidi hapa", na neno "hapa" ndilo lililokuwa kiungo. Alingoja siku mbili mtandao utulie. Alipobonyeza, akaambiwa ukurasa haupo, na kazi yatakiwa kesho yake. "Kaka, hata jina la makala sikuachiwa," akasema.

Ndugu msomaji, kisa hiki ni cha Turkana, lakini chamhusu pia mwanetu anayesomea simuni kule Faza au Kipini.

Sisi twalijua jambo hili tangu chuoni. Hadithi haiji peke yake, huja na isnadi: nani kaipokea kwa nani. Mlolongo ukikatika, wanazuoni huitilia shaka. Rejea katika masomo hufanya kazi kama hiyo. Humtaja mwandishi, mwaka, jina la makala au kitabu, aliyekichapisha na ukurasa. Kiungo ni njia tu ya kufika huko. Njia hiyo ikizibika, jina litakupitisha kwingine.

Na njia huzibika sana. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za mtandao zilizokuwako 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Mhadhiri anayefundisha kwa maandishi yale yale miaka nenda miaka rudi, bila kuvijaribu viungo vyake, huwapa wanafunzi funguo za nyumba zilizokwisha kubomolewa.

Wanafunzi nao tuna letu. Utafiti kuhusu Wikipedia ya Kiingereza uliotolewa 2020 ulionyesha kwamba kurasa zikifunguliwa mara 300, rejea hubonyezwa kama mara moja tu, na kwa watumiao simu ni chini ya hapo. Kisha mtu huinakili orodha ya rejea kama ilivyo na kuitia katika kazi yake. Kutaja kitabu usichokifungua ni kusimulia kwa mtu usiyemsikia. Ikiwa umekikuta ndani ya kitabu kingine, sema hivyo: "kama alivyonukuliwa na fulani". Hapo umesalimika.

Kusoma kwa mbali si jambo geni Turkana. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992, wakimbizi walianza 2010 kusomea diploma iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani, kwa mpango wa Wajesuti. Mtu wa mazingira hayo hubonyeza kiungo kwa hesabu, kwani kila ukurasa ni data na chaji ya simu.

Basi mwanafunzi na afanye haya. Akipata mtandao, apakue makala yenyewe, asihifadhi kiungo peke yake. Aandike papo hapo jina la mwandishi, mwaka, kichwa na tarehe aliyoisoma. Makala ikiwa na namba ya DOI, ile ianzayo na 10, aiandike pia, kwa sababu namba hiyo haibadiliki hata makala ikihamishwa tovuti; mchapishaji hutakiwa kusahihisha anwani iliyo nyuma yake. Na kiungo kikifa, aiweke anwani ile ya zamani katika Wayback Machine, hazina ya kurasa kuukuu iliyofunguliwa kwa umma 2001. Si kila ukurasa umo, lakini nyingi zimo.

Kwa walimu, ombi ni dogo. Msiandike "bonyeza hapa". Andikeni rejea kamili, semeni ni kurasa zipi za lazima na zipi za ziada, na inaporuhusiwa wekeni faili lenyewe ndani ya kozi. Vijaribuni viungo kabla ya muhula kuanza, tena kwa simu ya kawaida, si kwa kompyuta ya ofisini.

Kijana wetu aliipata nakala yake katika hazina ile usiku huo huo, akaikabidhi kazi. Asubuhi alimwandikia mhadhiri kwa adabu, akamwomba majina ya makala za wiki zilizobaki.