Picha za Wazee Wetu: Kutoka Karatasi Hadi Mtandaoni

Picha ya karatasi ni shahidi wa mambo yaliyopita, walakini umri wake si mrefu. Jua huifubaza, unyevu huitia ukungu, na mchwa huila. Watu wa Kinama hawana haja ya kuelezwa hayo. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwatoa watu majumbani mwao, na usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mafuriko yaliikumba mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, yakaua watu zaidi ya 60. Mtu akimbiapo maji hushika mkono wa mwanawe, hashiki albamu. Kwa hiyo yafaa ijulikane historia ya ufundi wa kuitoa picha katika karatasi na kuitia katika kompyuta.

Asili ya picha ni elimu ya nuru. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki yapata mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kuwa jicho huona kwa nuru itokayo katika vitu. Kadhalika alichunguza nuru ipenyayo katika tundu dogo. Karne nyingi zikapita, hata mwaka 1839 ufundi wa Daguerre ukatangazwa Ufaransa. Katika karne hiyo hiyo A. C. Gomes alikuwa akipiga picha Unguja, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio mjini Zanzibar.

Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake walitengeneza mashine ya kuisoma picha. Waliweka picha ya mtoto mchanga wa Kirsch, nayo mashine ikaigawa katika nukta 176 kwa 176, yaani nukta 30,976 tu. Leo picha ya inchi 4 kwa 6, ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, hutoa nukta 2,160,000.

Faida yake imekwisha kuonekana. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilipata mkusanyo wa Humphrey Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki za baina ya 1860 na 1960. Ziliskaniwa, zikawekwa mtandaoni, watu wa mbali wakaziona. Lakini nyingi katika hizo zilipigwa na wageni, nao walipiga waliyoyataka wao. Ikiwa picha zilizomo masandukuni mwetu zitapotea, wajukuu watawajua babu zao kwa jicho la mgeni peke yake. Hasara hiyo haina fidia.

Kazi yenyewe si ngumu, ila yataka subira. Kioo cha skana hupanguswa kwa kitambaa laini kikavu, na picha hushikwa pembeni, isiguswe usoni. Picha ndogo huskaniwa kwa nukta 600 kwa kila inchi. Faili la kwanza huhifadhiwa kwa mtindo wa TIFF, kamili, bila kupunguzwa. Kisha hutolewa nakala ya JPEG, ikapunguzwa hata upande wake mrefu uwe kama nukta 1,200, ili ifunguke upesi hata katika simu yenye mtandao dhaifu. Rangi iliyofifia hurekebishwa katika nakala, wala si katika faili la asili. Na nakala zisikae mahali pamoja, kwani maji yaliyochukua albamu yaweza kuchukua na kompyuta.

Hapana budi pia kuandika majina, mahali na mwaka, maadamu wazee wanaozitambua nyuso hizo wangali hai. Picha isiyo na majina imeokoka nusu tu.

Mwisho, picha ni amana. Yaliyomo albamuni huonwa na jamaa na wageni wa nyumbani; yaliyotoka mtandaoni huonwa na dunia nzima, wala hayarudishiki. Kwa hiyo wenyewe au warithi wao waombwe ruhusa, na picha za harusi na za ndani ya nyumba zihifadhiwe bila kutangazwa, isipokuwa wenyewe wameridhia. Wala karatasi isitupwe baada ya kuskaniwa: nakala ni mlinzi wa asili, si mrithi wake.