Kigali hadi Dubai: umbali wa ndege na muda wa safari

Kutoka uwanja wa ndege wa Kanombe, Kigali, hadi Dubai ni takriban kilomita 4,070 kwa mstari ulionyooka. Ndege isiyotua njiani huchukua muda wa saa 5 na nusu hadi 6, kutegemea aina ya ndege, upepo na njia iliyopangwa.

Kwa kuunganisha ndege
Addis Ababa iko karibu kabisa na mstari huo: Kigali–Addis Ababa ni kilomita 1,550 hivi, na Addis Ababa–Dubai 2,520. Kupitia huko hakuongezi umbali wa maana. Kupitia Nairobi jumla hufika kilomita 4,315 hivi. Kinachorefusha safari hasa ni kusubiri ndege ya pili, hivyo bei ya tiketi ilinganishwe pamoja na saa za kusubiri.

Tofauti ya saa
Dubai iko mbele ya Kigali kwa saa 2. Anayeondoka Kigali saa 7 usiku na kuruka saa 6 atatua saa 3 asubuhi ya Dubai. Akirudi, ndege ikiondoka Dubai saa 8 mchana itatua Kigali saa 12 jioni ya Rwanda.

Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na hapo ndipo wengi huachwa na ndege. "01:00 Ijumaa" ni saa 7 usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo msafiri awe Kanombe Alhamisi usiku, saa 3 kabla ya ndege kuondoka. Anayefika Ijumaa usiku amechelewa siku nzima.

Wanaotoka Goma na Bukavu hutumia saa moja na Kigali. Tanzania, Uganda na Kenya ziko mbele kwa saa 1. Dereva anayetoka Kigali kwenda kupokea mzigo upande wa Tanzania pale Rusumo akumbuke kwamba akivuka mpaka, saa moja imekwisha kupita.

Mzigo
Mizigo ya ndege hulipiwa kwa uzito wa mzani au wa ujazo, ule ulio mkubwa. Kanuni ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 6,000. Katoni ya 60 x 50 x 40 huhesabiwa kilo 20, hata ikiwa na kilo 9 tu za nguo. Nguo zikibanwa vizuri gharama hupungua. Vipuri vya magari ni vizito, hivyo kwa kawaida hulipiwa kwa mzani.

Bidhaa isiyo na haraka hufaa kupelekwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa lori takriban kilomita 1,500 hadi Kigali. Safari hiyo ni ya wiki kadhaa, lakini gharama kwa kilo huwa ndogo zaidi.