Ada za simu zikibadilika, Mukuru kwa Reuben hubadili njia ya pesa

KADI ya mkopo ni kitu adimu katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi. Wengi wa wakazi wake ni vibarua wa viwanda vilivyo karibu, wafuaji nguo, wachuuzi na mafundi wa mikono, watu wasio na hati ya mshahara ambayo benki hudai kabla ya kutoa kadi hiyo. Hata hivyo, mkopo wenyewe haukosekani. Hupatikana kwa njia ya simu, katika chama cha akina mama au katika daftari la mwenye duka, na kila mojawapo ina bei yake. Bei hiyo inapopanda au kushuka, wakazi huhisi mara moja, kwa kuwa fedha zinazokatwa ni za unga na mafuta ya taa.

Mtaa huo uko katika eneobunge la Embakasi Kusini. Mnamo Agosti 2017, Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliutangaza, pamoja na Mukuru kwa Njenga na Viwandani, kuwa eneo maalum la upangaji. Tafiti zilizoambatana na hatua hiyo zilionyesha jambo ambalo wakazi walilijua zamani: kwamba anayenunua maji kwa mtungi na umeme wa kuunganishiwa hulipa zaidi, kwa kipimo kilekile, kuliko mkazi wa mtaa wa kifahari. Ada za fedha hufuata mkondo huohuo.

Chukua mfano wa kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa na kampuni ya Safaricom mnamo Machi 2007. Kwa mujibu wa orodha ya ada iliyoanza kutumika Julai 2023, anayetoa Sh200 hukatwa Sh29. Anayetoa Sh2,500 hukatwa Sh29 vilevile. Wa kwanza amepoteza zaidi ya asilimia 14 ya fedha zake ilhali wa pili amepoteza asilimia moja na ushei.

Ndipo ikazuka desturi ya kuambiana “tuma na ya kutoa”. Anayedai malipo ya kufua nguo au ya kibarua hutaka ada ya wakala iongezwe juu ya ujira, na anayelipa asipoongeza huonekana mchoyo. Njia nyingine ni kutotoa fedha kabisa. Mteja anapolipa dukani kupitia namba ya Lipa na M-Pesa hakatwi chochote, hivyo kibarua aliyetumiwa ujira wake jioni hupitia duka lenye namba hiyo, akanunua unga, sukari na sabuni, kisha akabakisha fedha kidogo tu za kutoa kwa ajili ya mahali pasipokubali simu.

Ushahidi bora zaidi wa jinsi wananchi wanavyoitikia mabadiliko ya ada ulipatikana wakati wa janga la Covid-19. Machi 2020, Benki Kuu ya Kenya ilikubaliana na kampuni za simu kwamba kutuma kiasi kisichozidi Sh1,000 kusitozwe ada. Kabla ya hapo, kutuma kati ya Sh101 na Sh500 kupitia M-Pesa kuligharimu Sh11, na kati ya Sh501 na Sh1,000 kuligharimu Sh15. Afueni hiyo iliyokusudiwa kudumu miezi mitatu ilirefushwa hadi mwisho wa mwaka. Ilipokuwa ikikamilika, Benki Kuu ilitangaza kwamba idadi ya miamala baina ya watu binafsi kwa mwezi ilikuwa imepanda kwa asilimia 87 kati ya Februari na Oktoba 2020, na kwamba wateja milioni 2.8 zaidi walikuwa wakitumia huduma za pesa kwa simu.

Ni kweli kwamba hofu ya kushika noti ilichangia. Lakini ada iliporejea Januari 2021 haikurejea kama ilivyokuwa. Ilipunguzwa, na kutuma kiasi kisichozidi Sh100 kukaachwa bila malipo. Mpaka huo wa Sh100 umezaa hila ndogo. Anayetaka kumtumia mwenziwe Sh300 hutuma mara tatu, Sh100 kila mara, na kuokoa Sh7 ambazo zingekatwa kwa orodha ya 2023. Mtu mwenye kipato kikubwa huona huo ni usumbufu. Kwa anayeishi kwa ujira wa kutwa, hesabu hiyo si ya kudharauliwa.

Upande wa mikopo ndio wenye mambo mengi zaidi. Kwa mkazi wa Mukuru, kitu kinachokaribiana na kadi ya mkopo ni Fuliza, iliyozinduliwa Januari 2019 na Safaricom kwa ushirikiano na benki. (Neno lenyewe, kwa Kiswahili sanifu, lina maana ya kutenda jambo mfululizo bila kusita, aliyelichagua hakukosea.) Fuliza humwezesha mtu kukamilisha malipo hata salio lake likiwa halitoshi. Hairuhusu kutoa fedha taslimu kwa wakala, ila wapo wanaozituma kwa jirani ili jirani awatolee.

Fuliza hutozwa asilimia moja ya kiasi kilichokopwa, kisha ada ya kila siku. Ilipoanza, aliyekopa kati ya Sh101 na Sh500 alitozwa Sh5 kwa siku. Kuanzia Oktoba 2022, kufuatia makubaliano yaliyotangazwa na Rais William Ruto muda mfupi baada ya kuingia madarakani, ada hiyo ilishuka hadi Sh3, na mikopo isiyozidi Sh1,000 ikasamehewa ada ya siku tatu za kwanza.

Bila kuhesabu ushuru wa serikali, mtu aliyekopa Sh400 na kulipa baada ya siku 10 angetozwa Sh54 kwa utaratibu wa awali. Kwa utaratibu wa 2022 hutozwa Sh25. Akilipa ndani ya siku tatu, hutozwa Sh4 pekee. Hapo ndipo mkopaji wa ujira wa kutwa alipopata nafasi: hukopa asubuhi, hununua bidhaa za kuchuuza, na jioni deni hujilipa fedha zinapoingia. Aliyezoea mikopo ya mtindo wa M-Shwari, ambayo ilipoanza mnamo Novemba 2012 ilitozwa asilimia 7.5 kwa siku 30 hata ukilipa kesho yake, huona tofauti kubwa. Hata hivyo, mambo hugeuka muda ukirefuka. Deni la Sh500 la Fuliza likikaa siku 30 hufikia ada ya Sh86, ilhali kwa asilimia 7.5 lingekuwa Sh37.50. Fuliza ni nafuu kwa anayelipa haraka na ghali kwa anayechelewa, na anayechelewa mara nyingi ndiye aliyekosa kazi wiki hiyo.

Jambo linalowakera wakopaji kuliko ada ni jinsi deni linavyolipwa. Shilingi yoyote inayoingia kwenye namba hiyo humezwa kwanza na Fuliza, iwe ujira, iwe mchango wa matanga. Kwa hiyo mwenye deni huomba alipwe taslimu, atumiwe kupitia Airtel Money, au fedha ziingie kwa namba ya mume, mke au rafiki. Wengine huiacha laini kabisa na kusajili nyingine.

Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa na serikali Novemba 30, 2022, ilikuja na bei ambayo hakuna mkopeshaji mwingine wa simu aliyeikaribia: asilimia 8 kwa mwaka. Sh500 kwa siku 14 hugharimu takriban Sh1.50. Lakini asilimia 5 ya mkopo hukatwa na kuwekwa akiba, kwa hiyo mkopaji hupokea Sh475. Wengi walianzia viwango vidogo sana, na wengi hawakulipa. Bei ya chini, basi, haikutosha kumfanya mkopaji aheshimu deni.

Kuhusu tuzo, mambo ni madogo zaidi. Safaricom imekuwa ikitoa alama za Bonga tangu 2007 kwa wanaotumia huduma zake. Katika mataifa yaliyostawi, tuzo za kadi hugharimiwa na ada wanazotozwa wenye maduka. Australia ilipopunguza ada hizo mnamo 2003, benki zilipunguza alama na kupandisha ada za kadi. Mukuru, anayetumia kidogo hupata kidogo. Alama hizo zilipata uzito Aprili 2020, kampuni iliporuhusu zitumike kununulia chakula madukani au kuhamishiwa wahitaji. Mnamo 2022 ikatangazwa kwamba alama zilizozidi miaka mitatu zingefutwa kuanzia 2023, tangazo lililozusha malalamiko kabla ya mpango huo kusitishwa.

Alama hukaa kwenye laini ileile inayobeba deni. Anayeitupa laini ili aikwepe Fuliza huziacha alama zake humo, isipokuwa akumbuke kuzihamishia namba nyingine kwanza.