Tshibumba na Historia ya Wakati Ujao

Kati ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Élisabethville (1947), alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian takriban picha 100 za historia ya Zaire. Picha hizo zafuatana kama hadithi ya katuni, na maandishi yake ni ya Kifaransa. Lakini maelezo ya mdomo aliyatoa kwa Kiswahili cha Shaba (Katanga), lugha ya migodi tangu Lubumbashi hadi Kolwezi. Shujaa wake ni Lumumba: katika picha ya kifo chake cha tarehe 17 Januari 1961, misalaba mitatu yaonekana kwa mbali. Hata hivyo mfululizo haukomei hapo, bali wavuka siku za mchoraji mwenyewe na kuingia wakati ujao.

Je, yajayo yaweza kuwa historia? Jibu limo katika kitenzi alichokitumia: kuwaza. Kwake, mwanahistoria hakumbuki tu, bali huwaza pia. Asomaye Kifaransa cha picha pekee hulikosa wazo hilo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani aliko. Maneno yake yamesalia. Kiswahili hicho, ambacho wengi hukiita kibovu, chastahili kusomwa madarasani mwetu kama matini ya historia.