Montessori Si ya Mabwenyenye

Tangu niache chuo, mimi ndiye hubaki na mtoto wa sista hapa Gakindu yeye akienda kazi. Ana miaka mitatu. Juzi nikaona mtandaoni vichezeo vya mbao vya Montessori. Bei yake ukiskia unakaa chini. Nikasema basi, hii ni mambo ya mabwenyenye.

Kumbe sivyo. Maria Montessori, daktari Mwitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini jijini Roma. Wazazi walikuwa wakienda vibarua, watoto wakibaki kuzurura na kuharibu kuta. Aliwapa kazi za ukweli: kufagia, kunawa, kupanga vitu. Wakatulia wenyewe.

Sasa rudi kwetu. Kuanzia 1954, wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walihamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni 1, wengi wao Wakikuyu, hadi vijiji zaidi ya 800. Kina mama walilazimishwa kuchimba mitaro. Na watoto je? Hapo ndipo chekechea zilianza kuenea Mkoa wa Kati, mtoto apate wa kumwangalia na kitu cha kula. Ni kama Roma tu: mama hayuko, pesa hakuna.

Hata kabla ya hapo, Jomo Kenyatta aliandika katika Facing Mount Kenya (1938) vile watoto wa Kikuyu walijifunza kwa kuigiza kazi za wakubwa kwenye michezo yao. Hiyo haikununuliwa dukani.

Nilipomwambia cucu haya alicheka. Akachanganya mahindi na maharagwe kwenye ungo, akampa mtoto bakuli mbili. Ikawa kimya nyumba nzima! Nikataka kumsaidia, cucu akanishika mkono. "Wacha. Akikosea ataona mwenyewe."

So anza na hiyo. Au kijagi kidogo cha maji, vikombe viwili na kitambaa cha kupanguza. Onyesha mara moja, polepole, alafu nyamaza. Lakini usitoke hapo, maharagwe huingia puani haraka sana.

Watu wakiniuliza nafanya nini siku hizi, nilikuwa najibu, "Hakuna, nakaa tu na mtoto." Hiyo "hakuna" nimeitoa.