Jinsi ya kubadilisha diski za seva bila kupoteza data

SEVA ni tarakilishi inayohudumia tarakilishi nyingine nyingi kwa wakati mmoja. Katika hospitali, shule au chama cha akiba na mikopo, humo ndimo huhifadhiwa kumbukumbu za wagonjwa, alama za wanafunzi na hesabu za wanachama. Anayeifungua ili kuweka diski sharti ajue kwamba hatari kubwa haimo katika skrubu na nyaya, bali katika kung'oa diski isiyostahili kung'olewa.

Aghalabu seva hutumia mfumo wa RAID, ambao huunganisha diski kadhaa zikafanya kazi kama moja. Mfumo huu ulielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Katika RAID 1, data ile ile huandikwa kwenye diski mbili. RAID 5, inayohitaji diski tatu au zaidi, huvumilia kuharibika kwa diski moja, nayo RAID 6 huvumilia mbili. RAID 0 haivumilii hata moja, ijapokuwa nayo imepewa jina hilo hilo!

Tuseme seva ina diski nne katika RAID 5 na moja imekufa. Data ingali salama na huenda watumiaji wasitambue lolote. Lakini fundi akikosea na kung'oa diski nzima badala ya ile mbovu, mfumo wote huanguka papo hapo. Ni kosa rahisi kutenda, kwani seva nyingi huhesabu vishubaka vya diski kuanzia sufuri: diski inayotajwa kwenye skrini kuwa nambari 2 ni ya tatu ukihesabu kwa kidole.

Kwa hivyo usihesabu. Tumia programu ya kusimamia diski kuwasha taa ya kishubaka husika, kisha ulinganishe nambari ya utambulisho. Mafundi makini huibandika nambari hiyo mbele ya kila kishubaka siku ya kwanza wanapoweka diski. Pia, hakikisha kuna nakala ya data nje ya seva. Diski mpya inapojazwa, zilizosalia husomwa mfululizo, pengine kwa saa nyingi, na iliyokuwa dhaifu yaweza kufa wakati huo huo.

Diski mpya isiwe na nafasi ndogo kuliko ile inayoondolewa. Ikumbukwe pia kwamba seva iliyoundiwa diski za SAS kwa kawaida hupokea za SATA, lakini ya SATA haipokei za SAS.

Baadhi ya seva huruhusu diski kubadilishwa mashine ikiendelea kufanya kazi. Ivute kidogo tu, usubiri takriban nusu dakika hadi sahani zake ziache kuzunguka, ndipo uitoe. Kama seva haina uwezo huo, izime na kuchomoa nyaya zote za umeme; nyingi huwa na mbili, na mmoja ukisahaulika mashine ingali na umeme.

Umemetuli nao hauonekani. Mwili wa binadamu huuhisi unapofikia takriban volti 3,000, ilhali sehemu fulani za elektroniki huharibiwa na chini ya volti 100. Hewa kavu, kama ya Nairobi mwezi Januari, huuzidisha kuliko unyevu wa Mombasa. Vaa mkanda maalumu wa kifundo cha mkono uliounganishwa na fremu ya seva, na uiache diski mfukoni mwake hadi dakika ya mwisho. Kishubaka kitakachobaki wazi kizibwe kwa kifuniko chake, la sivyo hewa ya feni hupita njia isiyofaa na diski hupata joto.

Diski mbovu isitupwe jalalani. Bado huwa na habari zinazoweza kusomwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde. Itobolewe au isagwe kabla ya kuondoka ofisini.